Mjadala: Je, Ufaransa ilikosea kumpa Boulez maabara badala ya okestra?

Mleta mada:
Wakuu, kabla sijashambuliwa: kondakta ninayemzungumzia si wa daladala. Ni yule anayesimama mbele ya okestra na kuwaweka watu mia kwenye pigo moja. Pierre Boulez, mzaliwa wa Montbrison mwaka 1925, hakushika hata kijiti. Aliongoza kwa viganja vitupu, uso mkavu, bila kurukaruka.

Hoja yangu ni hii. Mwaka 1971 Mfaransa huyu alikabidhiwa okestra mbili kwa mpigo: ya BBC kule London na New York Philharmonic, alikomrithi Leonard Bernstein. Mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye alizishika zote hadi 1975, kisha akabaki New York hadi 1977. Sasa tazameni kwao. Okestra ya Paris iliundwa 1967 iwe fahari ya taifa. Kondakta wake wa kwanza, Charles Munch, alipofariki, wakamwita Karajan wa Austria, kisha Solti mzaliwa wa Budapest, kisha Barenboim mzaliwa wa Buenos Aires. Rais Pompidou alipotaka Boulez arudi nyumbani, hakurudishwa kwenye okestra hiyo. Alijengewa IRCAM, taasisi ya utafiti wa sauti iliyochimbiwa ardhini pale Paris, ikaanza kazi 1977. Kwangu mimi, hela ya mlipakodi iliingia shimoni, tena kweli kabisa.

Mchangiaji wa kwanza:
Umeruka kipande, mkuu. Nani alibamiza mlango? Mwaka 1966 waziri wa utamaduni, Malraux, alimteua Marcel Landowski, mtunzi wa muziki wa kimapokeo, kusimamia muziki wizarani. Boulez akawaka, akaandika gazetini kwamba hakubali, akasusia taasisi za serikali. Na makazi alishayahamishia Baden-Baden, Ujerumani, tangu 1959. Ukimsusia mwenye nyumba, usinune akimpa mgeni kiti chako.

Halafu hilo shimo lako limezaa. Programu ya Max, ambayo wanamuziki wa elektroniki wanaitumia hadi leo, ilianzia IRCAM miaka ya 1980. Na usiseme hakupewa wapigaji: Ensemble Intercontemporain iliundwa 1976, watu 31, wote wa kupiga muziki wa wakati wetu.

Mchangiaji wa pili:
Nyote mnamwonea huruma tajiri. Taasisi kapewa, kikundi kapewa, miaka nenda rudi akadai ukumbi mpya, na Januari 2015 Philharmonie de Paris ikafunguliwa. Ukumbi wake mkubwa leo una jina lake. Mtunzi aliyependa melodi za kawaida aende kuombea wapi?

Isitoshe, ni huyuhuyu aliyeliambia jarida la Der Spiegel mwaka 1967 kwamba dawa ya nyumba za opera ni kuzilipua. Miaka tisa baadaye yuko Bayreuth, tamasha la opera za Wagner kule Ujerumani, anaongoza Ring nzima, opera nne mfululizo! (Mwaka 2001 polisi wa Basel walimwamsha hotelini wakamchukulia pasipoti kwa saa chache, jina lake lilikuwa kwenye orodha ya washukiwa. Mzee wa miaka 76. Nilicheka, nisameheni.)

Mleta mada:
La Landowski nakubali, nililiruka. Lakini Bayreuth umenisaidia mwenyewe. Mwaka 1976 yeye na mwongozaji Patrice Chéreau walizomewa, watu wakapiga filimbi ukumbini. Wakarudi mwaka uliofuata, na uliofuata. Onyesho la mwisho, 1980, makofi yalipita saa nzima. Huo ndio uongozi wa okestra: kurudi palepale, kwa watu walewale, mpaka masikio yazoee. Maabara haina hadhira ya kukuzomea.

Angalieni pia New York, 1973. Aling'oa viti vya chini ukumbini, akatandika mazulia na mito, vijana wakakaa sakafuni wapigaji wakiwa katikati yao. Wazia miaka kumi ya hayo Paris. Na walimjua! Februari 1979 ni yeye aliyeongoza pale Opera ya Paris opera ya *Lulu* ya Alban Berg ikiwa na vitendo vyote vitatu kwa mara ya kwanza, miaka 43 baada ya mtunzi kufa na kukiacha cha tatu hakijakamilika.

Mchangiaji wa kwanza:
Sawa, nikupe yote hayo. Ila alipotoka New York hakuchukua tena ukurugenzi wa okestra popote. Chicago walimpata 1995, tena kama kondakta mgeni mkuu. Huoni kwamba ni mtu aliyechoka na vikao, ratiba na wanunuzi wa tiketi za msimu wanaotaka muziki wa zamani wa kina Brahms? Paris wangempa, angekataa.

Mleta mada:
Hapo umenibana. Lakini kukataa ulichopewa na kukosa ambacho hukupewa si kitu kimoja. Mwaka 1975, Solti alipoondoka, kiti kilikuwa wazi na Boulez ndiyo kwanza anaiaga BBC. Nangoja mwenye jibu la mwaka huo.