Vitabu gani vizuri vya kuanza tangi la maji chumvi lenye matumbawe?

SamakiSouthB
Habari zenu wakuu. Nimefuga samaki wa maji matamu kwa muda, sikilidi wa Ziwa Malawi hasa, na sasa nataka kuingia maji chumvi, tangi la kama lita 250 hivi, na liwe la matumbawe, si samaki tu. Kabla sijanunua hata pampu nataka nisome vizuri. Shida nikiingia YouTube kila mtu ako na lake, huyu anasema skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa povu, ni lazima, yule anasema ni kutupa pesa, unamaliza usiku mzima na hujui umeshika nini. Sasa nauliza nyinyi mnaofuga, ni vitabu gani vimewasaidia kweli? Pesa yangu inafika viwili, labda vitatu vikiwa vya mtumba. Pale Tom Mboya Street, Nairobi, kwa wale wa inama, wauza vitabu vya mtumba chini barabarani, nimeona kimoja kikubwa cha picha, cha Uingereza, bei poa sana, lakini ni cha 1985. Nichukue ama niache?

Mzee_wa_Skima
Kiache boss, angalau kisiwe ndicho cha kukufundisha. Miaka hiyo wafugaji wengi wa huko ng'ambo walikuwa bado wanatumia filta ya chini ya changarawe, na matumbawe walikuwa wanayaona kama kitu cha kukaa miezi michache kisha kinakufa. Kilichobadilisha mambo ni ile njia ya Berlin, yaani mawe hai (mawe ya baharini yenye bakteria na viumbe ndani), skima ya nguvu na taa kali, na vitabu vya Kiingereza vilianza kuieleza vizuri mwisho wa miaka ya 80 kuingia 90. Kwa hivyo ukiokota kitabu chochote kwanza fungua ukurasa wa mwaka wa kuchapishwa, usianze na picha.

Lakini pia usiogope kila kitabu cha zamani. Kinachozeeka haraka ni vifaa. Kitabu cha 1997 kitakusifia taa za metal halaidi na kukupigia hesabu ya wati kwa galoni, hiyo ruka, siku hizi ni LED na watu wanapima mwanga wenyewe unaofika kwa tumbawe. Ila sura inayokueleza amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, inageuka nitriti halafu nitrati, na kwa nini tangi jipya linahitaji kama wiki nne mpaka sita kabla ya kuweka kiumbe chochote, hiyo ni ile ile mpaka leo. Vilevile kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, alkalini ya 8 hadi 11 dKH (hicho ndicho kipimo chake), magnesiamu karibu miligramu 1300 kwa lita, chumvi ya 1.025 au 1.026 (uzito wa maji ukilinganisha na maji matamu), nyuzi joto 24 hadi 26, hakuna taa mpya itabadilisha hizo.

Mimi niko na njia yangu ya kupima kitabu nikiwa bado nimesimama dukani. Naenda nyuma kwa faharasa natafuta shaba. Dawa ya shaba inatibu madoa meupe ya samaki lakini inaua kamba, konokono na matumbawe, kwa hivyo mwandishi anayejua kazi lazima akwambie uitumie kwa tangi la karantini pekee. Kama anakwambia mwaga tu ndani, rudisha hicho kitabu. Halafu naangalia anavyoanzisha tangi, akisema nunua samaki wadogo wa damseli wawili watatu wa kuvumilia amonia mpaka maji yakomae, huyo ni wa zamani na pia hana huruma, siku hizi unaweka amonia ya chupa na bakteria.

Nikitaja majina, Robert Fenner, The Conscientious Marine Aquarist, kilitoka 1998 na kikarekebishwa 2008, tafuta hicho cha 2008. Kwa matumbawe yenyewe ni Eric Borneman, Aquarium Corals, 2001. Na wale wawili Delbeek na Sprung, The Reef Aquarium, volyumu tatu, 1994, 1997 na 2005. Hizo ni nzito na bei iko juu, si za kuanzia.

Dada_Chumvi
Naongezea kwa hayo ya mzee kwa sababu vitabu vyote hivyo vimetolewa Marekani, na hakuna hata kimoja kinachojua unaishi Nairobi. Galoni yao ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546, sasa ukichanganya hizo mbili dozi ya kalsiamu inakuwa ingine kabisa, na joto wanaandika 78 maana yake ni kama 25 na nusu zetu. Pampu pia, umeme wao ni wa 60 Hz na wetu ni 50, kwa hivyo pampu nyingi za kawaida zinasukuma maji kidogo kuliko ile namba unaona kwa kitabu chao, soma kibandiko cha pampu yenyewe.

Kubwa zaidi ni hewa. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari na maji ya tangi hapa yanashika oksijeni kama moja ya tano chini ya yale ya Mombasa, hata kama joto na chumvi ni sawa. Kwa hivyo kitabu kikikwambia idadi ya samaki kwa ukubwa wa tangi lako wewe punguza, na usogeze uso wa maji sana usiku na mchana. Stima ikipotea hiyo hesabu inakuwa mbaya upesi, pampu ya hewa ya betri nunua kabla ya taa ya kifahari, nawaomba sana. Na hita usifikirie ni ya wazungu, Julai usiku hapa kunaenda karibu nyuzi 10 nje.

Maji ya mfereji ama ya borehole usitumie hivyo hivyo hata ukiona ni masafi, borehole nyingi za Nairobi ziko na floraidi. Chukua maji ya RO, yaliyochujwa mpaka madini yakatoka, ndio uchanganye chumvi. Kwa kitabu, sura ya maji isome mara mbili kabla ya ile ya samaki.

Mpwani_Kayole
Salaam ndugu zangu. Mmesahau kitabu kimoja na kwangu mimi ndicho cha kwanza, ule mwongozo wa pwani za Afrika Mashariki uliohaririwa na Matthew Richmond, ulitoka 1997 na toleo la tatu ni la 2011. Si kitabu cha tangi, hakikwambii skima wala dozi, lakini kinakuonyesha mnyama anaishi wapi, kwenye ziwa tulivu nyuma ya mwamba ama pale mawimbi yanapopigia, kina gani, pamoja na majirani gani. Mtu akishajua tumbawe hili linatoka maji ya kasi na yale laini yanatoka mahali palipotulia, hahitaji kuuliza aliweke wapi ndani ya tangi. Na ni bahari yetu hii hii ndugu, si ya Florida.

Jambo jingine, vitabu vya Marekani vinasema nenda dukani ununue mawe hai kwa kilo, kama vile unanunua viazi. Usije ukaenda Watamu ukajaza ndoo. Watamu na Malindi ni hifadhi tangu 1968, hakuna kutoa kitu, hata ganda. Na matumbawe magumu yote yako chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka ni lazima kibali. Anza na mawe makavu na bakteria wa chupa, yatachelewa kukomaa lakini yatakomaa, na nunua vipande vilivyokuzwa kwenye matangi. Huyo Fenner nampenda kwa hilo, anakufundisha kuuliza samaki amevuliwaje na kumkagua kabla hujatoa pesa, anapumua vipi, anakula mbele yako ama hali.

SamakiSouthB
Asanteni sana, hii ya oksijeni sikuwa nayo kabisa. Sasa nikibaki na viwili tu, Fenner na Borneman ama Fenner na huo wa Richmond? Nimeangalia Borneman bei imenishtua.

Mzee_wa_Skima
Fenner na Richmond. Borneman utamhitaji ukianza kuweka matumbawe magumu, na hayo usiyaguse mpaka tangi limetulia miezi kadhaa na alkalini haiyumbi wiki kwa wiki. Anza na yale laini na zoanthasi (jamaa wa matumbawe wasio na mifupa), Fenner anakutosha hapo. Borneman tafuta mtumba polepole, kwa hicho 2001 si tatizo kwa sababu kimejaa wanyama wenyewe kuliko vifaa. Ile volyumu ya 2005 ya Delbeek na Sprung ninayo, ndiyo inaeleza mifumo na kemia, ukifika hatua ya kupanga mabomba nitumie inbox nikuazime wiki mbili, tukutane tu town.