Naomba ushauri: nataka kubobea kwenye ilimba ila akili haitulii

Habari zenu wakuu. Niko Dodoma mjini, nauza vifaa vya simu karibu na Soko la Majengo. Ninachokipenda kuliko vyote ni ilimba, marimba yetu ya Kigogo ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Nataka niipige kweli kweli, siyo ya kuchangamshia sherehe tu. (Marehemu Hukwe Zawose alitoka huku huku akazunguka nayo dunia, kwa hiyo msiniambie hailipi.)

Shida ni utulivu. Usiku nikishafunga duka nakaa chini, nasukuma chuma kimoja ndani kidogo sauti ipande, gumba la kushoto linaanza kushika mdundo, mara simu inaita. Nikiizima, kichwa kinaanza kupiga hesabu za mauzo. Gumba la kulia linaendelea, la kushoto limeshapotea njia.

Mjomba aliyenipa ilimba anasema niache kwanza kinanda cha kwaya. Lakini kinanda ndicho kinanipa vihela vya nauli, na kwaya hawana mtu mwingine.

Wenye uzoefu, mnafanyaje? Nihamishie mazoezi alfajiri? Nikomae na wimbo mmoja hadi uingie, au nichanganye? Na kwaya niage? Wa "tupa simu" nimeshawasikia, naombeni la zaidi.