Albamu nzito na za majaribio za 2024: mbona tunasifia mapumziko?

Kiziwi_Mtarajiwa

Wakuu, mwaka ndio huo unakatika na orodha zimeshaanza kumwagwa kila kona. Nimezipitia nyingi, na kabla sijataja zangu nina dukuduku lazima nilitoe.

Karibu kila orodha ya muziki mzito imeiweka *Absolute Elsewhere* ya Blood Incantation, bendi ya dethi metali (metali ya sauti za kunguruma), juu kabisa au jirani na hapo. Sina ugomvi na albamu yenyewe. Ni kazi ya watu waliokaa wakafikiri: nyimbo mbili tu, "The Stargate" na "The Message", kila mmoja umekatwa sehemu tatu, jumla dakika 43 na ushei. Jamaa wametoka zao Denver wakaenda kurekodi Hansa, Berlin, studio ileile David Bowie alikorekodia *"Heroes"*, wakamwalika Thorsten Quaeschning wa Tangerine Dream, wale Wajerumani wakongwe wa sinthesaiza, kwenye sehemu ya pili ya "The Stargate". Hata jina la albamu wameliazima kwa bendi ya miaka ya 1970, ile ambayo Bill Bruford aliipigia dramu kwenye rekodi ya 1976. Heshima zote.

Lakini someni sifa zenyewe zinavyoandikwa. Kinachosifiwa ni nini? Pale gitaa linapolegea. Pale sinthesaiza zinapotanda. Pale mwimbaji anapoacha kunguruma akaimba kwa sauti safi, kwenye "The Message". Yaani albamu ya dethi metali inasifiwa kwa zile dakika ambazo si dethi metali! Tumefika mahali bendi nzito ikipumzika ndipo tunasema imethubutu. Ikithubutu ndani ya uzito wenyewe, bila kutoka nje kuvuta hewa, tunaona ni yaleyale.

Kwangu walioniridhisha mwaka huu ni wawili.

Wa kwanza ni Lord Spikeheart na *The Adept*. Huyu ndiye Mkenya aliyekuwa nusu ya Duma, kundi la watu wawili, wale wa albamu ya 2020 pale Nyege Nyege Tapes, lebo ya Uganda. Safari hii katoka na lebo yake mwenyewe, Haekalu, na kazi kamtunukia bibi yake mkuu, Muthoni wa Kirima, mwanamke pekee aliyefika cheo cha juu kabisa cha ujemadari katika Mau Mau, aliyefariki 2023. Wageni ni kibao: Backxwash yumo, Scotch Rolex yumo, Brodinski yumo. Kwa kawaida albamu ya wageni wengi hivyo inakuwa mkusanyiko wa nyimbo zisizojuana. Hii haikuwa hivyo, kwa sababu mhimili wake si gitaa wala biti, ni koo la mtu mmoja. Biti zinabadilika chini yake, mara za kasi ya kukimbia, mara nzito za kuburuta miguu, yeye habanduki. Ukitegemea kwamba sasa atakupa wimbo wa kupumua, hakupi.

Wa pili ni Wafini, Oranssi Pazuzu, na *Muuntautuja*. Zamani ungeweza kusema hapa ni bleki metali, ile ya giza na mayowe, hapa ni saikedelia, ile ya kuelea kama ndotoni, ukachora mstari. Sasa hivi huwezi kunionyesha mahali gitaa linapoishia na mashine inapoanzia. Sikilizeni "Valotus" kwa hedifoni, sauti ya chini kabisa, halafu mpandishe kidogokidogo. Kuna mvumo pale chini ambao kwa sauti kubwa unajificha nyuma ya fujo.

Blood Incantation naiweka ya tatu. Haya, leteni zenu, na mtu asiniletee jina la albamu bila sababu. Naomba kuwasilisha.

---

MzeeWaKaseti

Mkuu Kiziwi, dukuduku nimelisoma lakini nalipinga.

Hao Blood Incantation hawakuanza leo kucheza na sinthesaiza ili wasifiwe. 2022 walitoa *Timewave Zero*, hakuna dethi metali hata ya kuonja, ni ambienti, muziki wa kutanda na kuelea, mwanzo mwisho, na wengi wetu tuliipokea kwa kununa. Na *Hidden History of the Human Race* ya 2019 inafungwa na wimbo wa dakika 18. Kwa hiyo hayo unayoyaita mapumziko ni nusu ya bendi, wamekuwa wakiyajenga miaka.

Tena fanya jaribio hili. Chukua sehemu ya tatu ya "The Stargate" uipige peke yake. Dethi metali safi, imepigwa na watu wanaojua, lakini utasema nimeshawahi kusikia kitu cha namna hii. Sasa ipige ikiwa imetanguliwa na sehemu ya pili, zile dakika za sinthesaiza zinazoelea. Inakuangukia! Noti ni zilezile. Kilichobadilika ni masikio yako, yameshalainishwa. Muziki uliobanwa mwanzo mwisho unazoeleka, na ukishazoeleka umegeuka upepo wa feni.

Kwangu mimi ni namba moja na sioni aibu kukubaliana na umati.

---

Dada_Distoshani

Kaka Kiziwi, unachokitafuta kiko New Zealand na nashangaa hujakitaja. Ulcerate, *Cutting the Throat of God*.

Ni watu watatu tu. Mpiga gitaa ni mmoja, besi na sauti mtu mmoja, dramu mtu mmoja, na huyo wa dramu, Jamie Saint Merat, ndiye pia anayeshughulikia kurekodi na kufanya miksi. Nyimbo saba, karibu saa nzima. Hakuna mgeni, hakuna sinthesaiza ya kutalii angani. Majaribio yote yako kwenye mkono wa gitaa: noti mbili ambazo kwa desturi hazipatani zinaachwa zining'inie pamoja, hazisuluhishwi, na dramu zinazunguka chini yake kama maji kwenye mwamba. Kwenye "To Flow Through Ashen Hearts" mwanzoni unadhani ni wimbo wa taratibu. Subiri.

Na Mzee wangu wa Kaseti, shikamoo, lakini hoja ya kuzoeleka mimi siikubali. Ulcerate hawalainishi masikio ya mtu na bado kila dakika ina kitu chake. Kuzoeleka ni tatizo la bendi inayojirudia.

Ila namba moja yangu si hiyo. Ni Pharmakon, *Maggot Mass*. Najua mnachotaka kusema, kila mwaka mtu lazima aandike "hizo ni kelele tu". Albamu nzima inamshitaki binadamu anayejiona yuko juu ya wanyama, udongo na funza, hata akifa hataki kuliwa. Margaret Chardiet, ambaye ndiye Pharmakon mwenyewe, anapiga yowe, lakini safari hii ndani ya kelele kuna midundo unayoweza kuifuata, na hilo ndilo linaloitisha zaidi, kwa sababu mwili unaanza kukubaliana na kitu ambacho akili inakikimbia. Mtu atakayesema ni kelele tu, kwanza aniambie imemchosha kwenye wimbo upi.

---

TinMwiko

Knocked Loose. Dakika 27. Nimemaliza.

---

Kiziwi_Mtarajiwa

TinMwiko, nilisema sababu!

Dada, Ulcerate nimeisikiliza na nakupa pointi zote za ufundi. Shida yangu nayo ni moja: inapendeza mno. Tangu *Stare into Death and Be Still* ya 2020 wamezidi kuleta uzuri wa huzuni, na kuna mahali natamani waharibu kitu. Pharmakon ndiyo naikubali kabisa, sina neno.

Mzee, hoja yako ya masikio kulainishwa ina nguvu, nakiri imenifanya nikae. Lakini angalia inavyoishia: ukisema uzito unahitaji wepesi kando yake ndipo usikike, basi umesema uzito peke yake hautoshi. Spikeheart anakukanusha. Yeye hakupi wepesi, anakubadilishia aina ya uzito. Hizo ni njia mbili tofauti, na hiyo ya Spikeheart naona ndiyo ngumu zaidi.

---

BesiTupu

Wadau mnazungumza kana kwamba uzito ni lazima mtu angurume. Mwaka huu albamu iliyonikaa kifuani ni *To All Trains* ya Shellac wa Chicago, na humo hakuna anayenguruma.

Mnajua kilichotokea. Steve Albini, mpiga gitaa na mwimbaji wao, alifariki tarehe 7 Mei kwa mshtuko wa moyo, akiwa na miaka 61. Albamu ikatoka tarehe 17 Mei kama ilivyokuwa imepangwa. Siku kumi tu! Ni ya kwanza yao tangu *Dude Incredible* ya 2014, na wimbo wa mwisho unaitwa "I Don't Fear Hell". Usiniambie unaweza kuusikiliza huo bila nywele kusimama.

Lakini weka msiba pembeni, sikiliza sauti. Albini alikuwa akipiga gitaa lenye shingo ya alumini, mkanda kaufunga kiunoni badala ya begani, na kidoleni kashika kipande cha chuma cha kukwangulia nyuzi. Ndiyo maana gitaa lile halivumi, linakata. Halafu nafasi: Bob Weston wa besi yuko upande wake, Todd Trainer wa dramu yuko katikati, na kati yao kuna hewa tupu, unasikia chumba. Bendi nyingi nzito siku hizi zinaziba kila tundu kwa matabaka ya gitaa. Hawa wanaacha matundu wazi, na dramu moja ikipigwa peke yake inakuwa nzito kuliko ukuta mzima.

---

Kiziwi_Mtarajiwa

Besi, hapo kwenye hewa umesema. Na inanisaidia kumjibu Mzee: huu si wepesi uliowekwa kando ya uzito, hewa yenyewe ni sehemu ya kipigo.

Ila nina swali na usinichukulie vibaya. Kama Albini angekuwa hai, ungeiweka ya kwanza? Mimi naipenda, lakini nahisi kuna nyimbo mbili tatu katikati ambazo tungeziita za kawaida, za Shellac wakiwa Shellac. Kifo kinaipa albamu mwisho ambao wenyewe hawakuupanga.

---

BesiTupu

Ningeiweka ya tatu. Lakini hayuko hai, na mimi sisikilizi muziki nikiwa maabara.

---

kinanda_cha_kasi

Naingia na uchokozi. Mmezungumza Denver, Finland, New Zealand, Chicago. Mbona hakuna aliyetaja *Singeli Ya Maajabu* ya Sisso na Maiko? Nyege Nyege Tapes wameitoa mwaka huuhuu. Au kwa kuwa singeli watu wanaicheza kwenye vigodoro basi haiwezi kuwa ya majaribio?

Mimi ni mtu wa metali toka zamani, na nawaambia kasi ile, mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hakuna mpiga dramu wa metali asiyeitambua. Tofauti ni kwamba metali ikifika kasi hiyo inakunja sura. Sisso anakata sampuli zinabaki vipande vidogo kama chenga za mchele, Maiko anapita juu yake na kinanda chenye sauti ya mchezo wa video, na wote wawili unahisi wanacheka. Masikio yanachoka kama kwenye Pharmakon, miguu ndiyo inakataa kuchoka.

---

Dada_Distoshani

Naunga mkono. Ya majaribio ni ya majaribio bila ubishi. Ya kuiita nzito ndiyo sina hakika, maana hakuna kitu kinachokulalia. Inakupita mbio.

---

MzeeWaKaseti

Marahaba dada. Hiyo singeli nimeiweka sasa hivi. Nimefika wimbo wa tatu na tayari nimepunguza sauti, si kwa ubaya. Kumbe kinanda, wewe unanisaidia mimi: uzito si kasi wala ujazo.

---

Kiziwi_Mtarajiwa

Hakusaidii hata kidogo Mzee, albamu hiyo haina mapumziko hata ya kutafutia maji ya kunywa, na bado haijazoeleka kama unavyodai ingezoeleka!

Naiingiza ya nne. Tena mtu akisikiliza *The Adept* na hiyo mfululizo atasikia undugu, ule wa kutomhurumia msikilizaji kwa kasi. Spikeheart na Scotch Rolex walishafanya kazi pamoja kwenye *Tewari* ya 2021, na huko ndiko hizi njia mbili zilikoanza kupishana.

Kabla uzi haujapoa: kuna yeyote amemaliza *The Healer* ya Sumac? Nyimbo nne, dakika 76. Aaron Turner, gitaa na sauti yao, namwamini tangu enzi za Isis, bendi yake ya zamani, lakini kila nikianza naishia katikati ya "World of Light".

---

Dada_Distoshani

Usianze na huo. Anza na "Yellow Dawn", ndio mfupi kuliko yote, una kinanda mwanzoni cha kukushika mkono kabla hawajakuachia. Ukishauzoea mkono wa Nick Yacyshyn kwenye dramu, jinsi anavyochelewesha pigo hadi unadhani amesahau, ndipo urudi kwenye "World of Light". Na usiusikilize ukiwa unafanya kazi nyingine. Sehemu kubwa ya mwanzo ni gitaa linalokoroma bila mdundo, ukigeuza kichwa tu umeshapotea.

---

TinMwiko

Haya sababu hizi hapa. *You Won't Go Before You're Supposed To*, nyimbo kumi. Jina lilitoka kwa mwanamke aliyekuwa amekaa jirani na Bryan Garris, mwimbaji wa Knocked Loose, kwenye ndege, akimtuliza kwa kuwa jamaa anaogopa kupaa. Wamepiga "Suffocate" na mwimbaji Poppy kwenye kipindi cha Jimmy Kimmel, televisheni ya taifa zima, bila kupunguza yowe hata moja. Na hakuna sekunde ya kujaza nafasi.

Hiyo "World of Light" ni karibu dakika 26. Yaani Sumac wakimaliza wimbo wa kwanza, mimi albamu yangu imebakiza dakika moja.