Kundi la simu la wazazi wa Juru, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda

*Mama Neema:* Jioni njema wazazi. Neema alikuwa darasa la tano kule Masisi, Kongo. Leo shule wamemtia P3, darasa la tatu. Analia tangu saa nane. Amekosa nini?

*Mama Baraka:* Pole sana mama. Hajakosa kitu, ni lugha. Huku kuanzia P4 masomo ni kwa Kiingereza, na watoto wetu wamesoma Kifaransa. Baraka aliingia P2 akiwa na miaka 11.

*Papa Josué:* Hesabu anazijua, ila swali hawezi kulisoma.

*Mama Kamugisha:* Na huko madarasa ya chini mara nyingi mwalimu anaeleza kwa Runyankore, lugha ya wenyeji. Kwa hiyo karudishwa chini akitafute Kiingereza, lakini hakipati vizuri, na Runyankore hakijui. Mimi mwenyeji nasema kweli, hili linaniuma.

*Mama Neema:* Sasa atakaa huko mpaka lini?

*Dada Aline:* Mama Neema, njoo kesho Jumamosi saa tisa, darasa la mwisho karibu na tangi la maji. Ndipo wazazi tunapokutana. Mimi huwatafsiria. Tutakaa na mwalimu wa P3, tumwombe ampime hesabu kwa Kiswahili, nikiwa hapo. Lete buletini, ile ripoti ya alama zake za Masisi.

*Mama Neema:* Ilibaki. Tulitoka usiku.

*Dada Aline:* Basi njoo hivyo hivyo.

*Mama Neema:* Ni pesa ngapi? Mgao wenyewe wa chakula wameupunguza.

*Papa Josué:* Hakuna pesa. Sheria ya wakimbizi ya 2006 inampa mtoto wetu haki ya shule ya msingi sawa na mtoto wa Mganda. Sare na uji ndivyo vinavyotutesa, tusifichane.

*Mama Baraka:* Pale pia tunajifunza Kiingereza sisi wamama. Mimi sasa nasoma mwenyewe barua ya mwalimu mkuu. Zamani nilimpa Baraka anisomee, na zile mbaya alikuwa ananificha 😀

*Mama Kamugisha:* Na mimi mmenifundisha Kiswahili hapo hapo.

*Mama Neema:* Nina mtoto mgongoni.

*Mama Baraka:* Njoo naye, kuna mkeka. Neema pia aje, mwalimu amwone. Nitakupitia saa nane na nusu. Nyumba yako ni ile ya shitingi, ya turubai, baada ya bomba?

*Mama Neema:* Ndiyo. Mlangoni kuna mwembe mdogo.