Video fupi zinapaa, mfuko umelala: niache zile ndefu?

KameraYaKamukunji
Wadau, naomba ushauri. Wenye kejeli nawajua, mngojee zamu yenu.

Nina chaneli ya YouTube tangu 2021. Narekodi mafundi wa jua kali pale Kamukunji, Nairobi: bati linavyogeuka sanduku la shule, jiko, karai, sufuria. Video zangu zilikuwa za dakika 12 hivi, na mwezi ukiwa mzuri zililipa bando na kodi ya chumba Umoja. Juni 2025 mpwa wangu akakata sekunde 40 za mzee mmoja akikunja ukingo wa karai kwa nyundo, akaweka wimbo juu yake. Ikapaa. Watazamaji laki tisa! Nikajua nimetoka. Tangu hapo napakia Shorts, yaani zile video fupi za YouTube, nne kwa wiki, ndefu moja kwa mwezi, tena kwa shida.

Sasa hesabu haziingiani. Watazamaji wameongezeka, lakini kinachoingia ni chini ya cha 2023. Mwezi uliopita sikufikisha hata dola 100, kwa hiyo sikulipwa, salio likasogezwa mbele. Mke wangu anauliza hao laki tisa wanakula kwa nani. Mpwa anasema niachane na ndefu kabisa, watu hawana subira siku hizi. Mimi nashuku wimbo ndio unakula pesa. Na mafundi wameanza kudai chao, maana mtoto wa mmoja kamwonyesha baba yake ile namba kwenye simu. Nifanyeje?

MzeeWaUhariri
Pole kijana. Hiyo laki tisa isikutoe akili. Tangu 31 Machi 2025 Shorts inahesabiwa kila inapoanza kucheza au kujirudia, hata mtu akiipitisha kwa kidole bila kutazama. Malipo hayakufuata hesabu hiyo mpya. Yanafuata waliokaa wakatazama, na namba yao bado ipo ndani ya takwimu zako, ila lazima uitafute.

Wimbo usiusingizie. Kwenye video ndefu wewe mwenye chaneli unachukua asilimia 55 ya matangazo yaliyowekwa kwenye video yako mwenyewe. Shorts tangu Februari 2023 ni chungu kimoja cha wote: matangazo hukaa kati ya video na video, pesa inakusanywa pamoja, fungu linatengwa kwa ajili ya muziki, kinachobaki kinagawanywa nchi kwa nchi kulingana na utazamaji, na kwenye gawio lako unabaki na asilimia 45. Uweke wimbo, usiweke, asilimia ni ile ile. Ila kuifunika sauti ya nyundo kwa wimbo! Nyundo ndiyo tunayoijia.

ShangaziWaPipeline
Mimi napika. Wanaoniweka mjini ni Wakenya walioko Marekani na Uingereza, maana tangazo la kule linalipa kuliko la hapa. Hao hawataki sekunde 40. Wanataka wakae, wasikie jirani akiita mtoto na honi za matatu. Na fomu ya kodi ya Marekani umejaza, mwanangu? Kenya haina mkataba wa kodi nao, kwa hiyo pesa ya watazamaji wa Marekani inakatwa asilimia 30. Usipojaza wanaweza kukata hadi 24 ya mapato yote, hata ya mtazamaji wa Kisumu. Mimi niliiona ile fomu nikadhani ni utapeli. Niliumia.

KondaMstaafu
Zamu yangu imefika? Nimeitazama ile ya jiko. Dakika ya kwanza nembo inazunguka. Ya pili salamu. Ya tatu ni mkokoteni wa mtu unapita, mzigo wote tumeuona. Fundi kashika nyundo dakika ya nne! Najua unatafuta nini: ukifika dakika 8 matangazo ya katikati yanaruhusiwa. Zamani ilikuwa 10, wakashusha Julai 2020, na wote mkajifunza kuvuta maneno kama mheshimiwa kwenye matanga. Halafu mnasema watu hawana subira.

KameraYaKamukunji
Konda, umenishika. Mkokoteni niliuweka makusudi.

Nimefungua takwimu. Mstari wa watazamaji wa ile ya jiko unaanguka pale pale kwenye salamu. Na laki tisa za karai, waliokaa ni laki mbili na ushee, wengi wako India. Mpwa kanyamaza.

HesabuSiUchawi
Usiue Shorts, ifanye mlango. Kata kipande kutoka kwa ndefu, kiishe karai halijafunga ukingo, kisha uunganishe ile ndefu hapo chini kama video inayohusiana. Mpwa akikwambia mhamie TikTok, mwulize kwa nini hata wao, waliotuzoesha ufupi, mpango wao wa 2024 unalipa video zinazozidi dakika moja. Na mpango huo ulipoanza, Kenya haikuwa kwenye orodha.

BintiWaFundi
Baba yangu alifanya kazi hapo hapo Kamukunji, kwa hiyo naongea nikiwa upande wao. Kila Januari wazazi wanahangaika kutafuta masanduku ya mabweni. Weka namba ya fundi chini ya video, akikubali. Oda zikija, mgawane. Hiyo pesa haibadilishwi na mtu aliyekaa ofisini California. Kuna mzee aliyerekodiwa na watu chungu nzima, na hakuna aliyemnunulia hata soda.

ShangaziWaPipeline
Kweli. Na kampuni ya hapa ikikulipa kutangaza bidhaa zao, itakata kodi ya asilimia 5. Iko kwenye sheria ya fedha ya 2023. Ipige hesabu kabla ya kutaja bei.

KameraYaKamukunji
Nimetoka kuongea na mzee wa karai. Asilimia hataki. Anataka shilingi 300 kila siku nitakayomchelewesha, na chai ya saa nne. Namba yake kasema niweke, lakini asipigiwe usiku. Jumamosi narekodi sanduku kuanzia bati hadi kufuli, bila nembo, bila salamu. Mpwa kakatazwa kugusa sauti.

KondaMstaafu
Na mkokoteni?

KameraYaKamukunji
Utapita, lakini nyuma ya fundi.