Mpishi wa Malindi, kusoma kunanishinda: niwaambie hotelini au ninyamaze?

Mpishi wa Barani:

Salaam aleikum ndugu zangu. Haya nayasema kwa mdomo, simu inaandika, kisha mpwa wangu wa gredi ya nane anapitia na kunicheka. Kwa hivyo mkiona nukta imekaa pahali pake, sifa ni zake.

Mimi ni mpishi, miaka 31, mzaliwa wa Malindi. Niliingia jikoni nikiwa na 17, kuosha masufuria. Leo nipe nguru wa kilo sita nimtoe minofu, mbwa akija kwenye mifupa ataondoka na njaa. Tambi za mayai nazikanda mwenyewe. Kiitaliano nakisema, nilikiokota mchangani karibu na gati nikiwa mtoto, na wageni huniuliza nimekisomea wapi.

Lakini nipe karatasi. Herufi nazijua zote, moja moja. Zikishakaa pamoja, hasa za Kiingereza, huwa kama siafu waliomwagiwa maji. Kiswahili nafika, polepole, kama mtu anayevuka matope ya mkoko.

Miaka mingi nimeishi kwa hila. Hila kubwa ilikuwa miwani. Nilinunua sokoni miwani ya shilingi mia mbili, haina namba yoyote, ili nikipewa kitu cha kusoma niseme nimeisahau nyumbani, na siku nyingine nionekane nayo mtu asishuku. Ikafanya kazi mpaka Novemba iliyopita. Hoteli moja ilituita watu kumi na wawili kwa nafasi tatu. Tukapewa fomu ya kurasa nne, ya Kiingereza, na mwisho tuandike namna ya kupika sahani moja na vipimo vyake. Nikasema nimesahau miwani. Mama aliyekuwa akitusimamia, kwa wema wake, akavua yake akanipa. "Jaribu hii." Nikaivaa. Sasa nikawa sioni hata fomu yenyewe. Nikaandika jina langu, nikaandika "bulter" badala ya "butter", nikatoka nikisema naenda msalani. Sikurudi.

Na hata nikiipata kazi, kuna chiti za oda. Meza 12 nimewahi kuwapelekea kambamti wa meza 21. Shefu aliniita jina ambalo mpwa wangu amekataa kuliandika.

Nilidhani mimi ni mzito tu. Darasa la nne nililikalia miaka miwili na bakora juu. Mwaka jana mwalimu wa mtoto mwingine wa dada yangu akamwita dada shuleni, akamweleza kitu kinaitwa disleksia. Mtoto akili anazo, ila ubongo wake unapata taabu kuunganisha herufi na sauti, na mara nyingi jambo hili hutembea ndani ya ukoo. Dada ananisimulia, mimi niko juu ya mbuzi nakuna nazi. Nikaacha kukuna.

Sasa masika yanaisha na hoteli zilizofunga zitaanza kufunguliwa Julai. Nina kama wiki tatu. Niwaambie, au ninyamaze? Fomu naipitaje? Na hii kadi ya ulemavu ya serikali inamfaa mtu kama mimi, mwenye miguu na macho yake mazima?

Bi Msimamizi, Watamu:

Waaleikum salaam kaka. Nimefanya kazi hotelini miaka kumi na minane, upande wa vyumba, si jikoni, lakini lango ni lile lile.

Kwanza usiende wiki ya kufungua. Wiki hiyo langoni kuna foleni, na penye foleni ndipo fomu hutolewa, maana ni njia rahisi ya kupunguza watu. Nenda sasa, wakati mafundi wanapaka rangi na shefu amekuja kuhesabu sahani zilizobaki. Nenda saa tisa alasiri. Saa sita humpati, saa kumi na moja anakutukana. Saa tisa amekaa na kahawa. Mwombe akupe siku moja ya kujaribiwa, na useme nguru unamjua. Hapo ndipo mkono wako utasema.

Fomu wakikupa, sema, "Naomba niirudishe kesho asubuhi." Hakuna aliyewahi kumfukuza mtu kwa hilo. Nyumbani uwe na karatasi yako moja imeandikwa tayari, mpwa aiandike kwa herufi kubwa zilizoachana: namba ya kitambulisho, mahali ulipofanya kazi na miaka, watu wawili wa kukudhamini na simu zao. Fomu zote huuliza hayo hayo, zinabadilisha mpangilio tu. Cheti cha polisi na cheti cha afya cha washika chakula viwe humo kwenye bahasha. Mwenye bahasha kamili huulizwa maswali machache, hili nimeliona mara nyingi mno.

Na ile miwani itupe. Nilikuwa na binti kwenye ghorofa yangu hawezi kusoma orodha ya vyumba. Alinificha miezi mitano, akasafisha vyumba vya watu ambao hawajaondoka, mgeni mmoja akamkuta yuko bafuni. Aliponiambia, tulimaliza kwa kalamu mbili: nyekundu mgeni anatoka, buluu anabaki. Dakika tano. Miezi mitano ya kilio kwa kitu cha dakika tano! Bado anafanya kazi.

Tuktuk ya Maweni:

Bro mimi nakwambia usiseme. Malindi hii habari inavuka barabara kabla ya tuktuk yangu. Ukishasema "nina ulemavu wa kusoma" watasikia "chizi", na siku sufuria ikiungua hata hukuwepo, ni wewe. Fanya kazi, nyamaza, kula mshahara. Kadi za serikali ni foleni tu.

Mwalimu wa zamani:

Mwanangu mpishi, nimefundisha kitengo maalum miaka mingi, na watoto kama wewe nimewapiga kabla sijajua nilichokuwa nikikiona. Hilo nalisema kwanza.

Ulivyosema kwamba Kiswahili unafika na Kiingereza kinakuzamisha, hapo hujajidanganya. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, herufi haigeuki. Kwa mwenye disleksia, lugha za namna hiyo humchelewesha zaidi kuliko kumkosesha. Kiingereza kila neno lina tabia yake, na fomu za kazi hapa kwetu karibu zote ni za Kiingereza. Kwa hivyo ukipewa nafasi ya kuchagua lugha, chagua Kiswahili bila haya. Na Kiitaliano nacho hakiko mbali sana na Kiswahili kwa jambo hilo. Uliza kama unaweza kuandika sahani yako kwa Kiitaliano. Mwenye hoteli akiwa Mtaliano pengine atafurahi.

Kijana wa tuktuk nakubaliana nawe nusu. Jina la ugonjwa (na si ugonjwa) halimsaidii shefu. Atalifanyia nini? Mwambie unachohitaji. "Chiti nasoma polepole, nikisomewa oda sikosei." Hiyo ni sentensi ya mtu anayeijua kazi yake. Ukisema "nina disleksia" ukanyamaza, umemwachia yeye ajaze pengo, na watu hujaza pengo kwa ubaya.

Juu ya sheria hapa Kenya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilitaja wazi ugumu wa kujifunza katika maana ya ulemavu, na 2025 ikaja sheria mpya badala yake. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kubagua kwa ajili ya ulemavu tangu kuajiri mpaka kupandisha cheo. Mtu atakutajia pia kifungu cha 54 cha Katiba na asilimia 5 ya watu wenye ulemavu. Hiyo ya Katiba ni ya nafasi za kuchaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma.

Kadi: unapimwa hospitali ya serikali, kisha unasajiliwa na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Mguu mbovu unaonekana, herufi hazionekani, kwa hivyo usiende mikono mitupu. Beba ripoti za zamani za shule kama mama alizitunza, na barua ya mwalimu yeyote anayekukumbuka. Kadi haitakupa kazi Julai. Lakini unaweza kuomba vifaa vya kazi kwenye mfuko wa Baraza, na ukija kuanzisha upishi wako mwenyewe, asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Semina za kaunti hula sana, kila mtu anajua.

Tena fikiria mtihani wa gredi wa NITA, mamlaka ya serikali inayopima mafundi na kuwapa vyeti. Miaka kumi na minne jikoni bila cheti ni hasara. Sehemu kubwa ni kazi ya mikono, ila uliza mapema sehemu ya maandishi inafanywaje na uombe usomewe maswali. Omba kabla ya siku yenyewe, si ukiwa umeshakaa.

Fundi wa nakshi, Lamu:

Mpishi, mimi sikusoma hata hiyo darasa la nne yako. Milango nimechonga, mingine iko Shela, mingine imepanda meli. Kipimo changu ni ufito: naukata sawa na uwazi wa mlango, natia alama kwa msumari, nauchukua karakana. Namba za nini?

Nakwambia yambo moya. Kazi zangu zote za miaka hii zimekuja kwa picha. Mtu ananiuliza barua ya maombi, namtumia picha sita za milango na ya saba mimi mwenyewe nikiwa na patasi, ajue si za kuiba. Wewe piga picha samaki kabla hujampasua na baada. Piga video unakanda unga, unaongea Kiitaliano chako. Nusu dakika. Barua gani itaishinda hiyo?

Shefu mstaafu:

Hakuna aliyelisema hili. Jikoni kubwa ya zamani, oda haikusomwa na kila mpishi. Mtu mmoja husimama kwenye dirisha la kupitishia sahani, anashika chiti, anapaza sauti, na wapishi wanajibu. Wafaransa wana hata jina la kazi hiyo, maana yake ni "mbwekaji". Wataliano pia oda hupazwa. Kwa hivyo usiombe kama unaomba sadaka. Muulize tu shefu, "Hapa oda mnapaza?" Akisema ndiyo, umepata pa kufanya kazi. Akisema kila mtu ajisomee kwenye skrini, shukuru na uende mlango wa pili.

Na ukishasikia, rudia kwa sauti. "Meza 12, pweza wawili." Atakayekosea ataumbuka mbele ya wote, na safari hii si wewe.

Mpishi wa Barani:

Shikamoo Mwalimu, shikamoo Shefu. Bi Msimamizi, ahsante dada.

Nilikwenda mahali pawili saa tisa. Pa kwanza askari hakunifungulia hata lango. Pa pili nilimkuta shefu kweli na kahawa yake, Mtaliano, mzee. Nikamwonyesha video kabla hajaniuliza jina. Akacheka namna ninavyosema "farina", yaani unga, kumbe nasema kama watu wa kwao kusini. Nikamuuliza oda mnapaza? Akasema yeye hupaza mpaka majirani wanajua nani amekula nini.

Nikamwambia ile sentensi. Sauti ilinitetemeka, sitadanganya. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Na kisu?" Nikamwambia kisu hakina herufi.

Nimefanya siku mbili za majaribio, mia saba kila siku. Fomu nimeirudisha asubuhi yake, mpwa amelipwa soda. Amesema nianze tarehe moja, kibarua cha miezi mitatu, kisha tuone. Kadi nitaifuata mvua zikikatika, mama amezipata ripoti mbili, zimeliwa na mchwa pembeni lakini alama mbaya zote zinasomeka.

Sasa kuna jambo jipya. Wana friji nne, na kila moja joto lake linaandikwa kwenye daftari asubuhi na jioni, na saa, na sahihi. Zamu ya asubuhi ni yangu. Nambari za friji zinanigeuka nikiwa na haraka. Hili nalo mnalifanyaje?

Bi Msimamizi, Watamu:

Kaka, kila friji ibandike utepe wa rangi yake, na kila safu ya daftari uipake rangi ile ile. Piga picha kioo cha friji kwa simu kabla hujaandika, saa inabaki kwenye picha. Ukimaliza, linganisha. Na uanze dakika kumi kabla ya wenzako.