Naomba ushauri: riwaya imekwama na kichwa kimejaa

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwandishi wa riwaya. Ya tatu sasa iko mezani, na huu mwezi wa pili imekwama sura ya 11. Mhusika wangu mkuu ameshika kitasa cha mlango. Kila usiku nafungua faili namkuta palepale, kashika kitasa, nami sijui akifungua atamkuta nani.

Shida si kukosa wazo tu. Mchana niko kazini, jioni ni watoto, madaftari yao, bili, simu za ndugu. Nikikaa kuandika saa nne usiku mwili upo, akili haipo. Naandika sentensi, nafuta, naandika ileile. Usingizi umepungua, na nimeanza kufokea watu wa nyumbani bila sababu (mwenzangu anasema nagombana na watu ambao hawapo, na hajakosea).

Nilisoma kwamba Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa karne ya 19 aliyekuwa pia mtumishi wa posta Uingereza, aliandika alfajiri kabla ya kazi, saa ikiwa mbele yake, maneno 250 kila robo saa. Nikajaribu. Siku ya nne nikasinzia juu ya kibodi, nikaamkia kurasa sita za herufi m.

Mliopitia haya mlifanyaje? Niiweke kando kwa muda, au niruke sura hiyo niandike mwisho kwanza? Na wahusika mnawanyamazishaje kichwani mkitaka kulala? Tafadhali msiniambie "pumzika tu", hilo nimeshaambiwa sana.